Muziro wangu ngano: Dar hadi Kamachumu na kurudi

Nimerudi Dar wiki ya pili sasa. Haya nimeyakusanya kutoka kwenye picha za simu na kwenye daftari dogo ambalo siachani nalo. Humo naandika kila ninachokula, nimekila wapi, saa ngapi, kimepikwa na nani, na tumbo limejibu nini. Nililianza Machi 2023, wiki niliyoambiwa nina siliaki.

Kwa asiyeujua ugonjwa huu: ukila gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, kinga ya mwili wako inageuka na kuushambulia utumbo mwembamba. Vile vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula vinalala na kuisha. Unakula sahani inajaa, mwili unabaki na njaa. Mimi nilitibiwa miaka tisa: vidonda vya tumbo, amiba, taifodi, minyoo, na upungufu wa damu usiosikia vidonge vya madini ya chuma. Daktari mmoja kijana ndiye aliyeagiza kipimo cha damu kiitwacho tTG-IgA, kisha kamera ikashushwa hadi utumboni ikachukua kinyama cha kupimwa. Dawa yake ni moja, kuacha gluteni maisha yote. Na kuacha maana yake ni hata chembe, hata mwiko uliogeuzia chapati ukaja kugeuzia yai lako.

Daktari alinisisitizia nisiuite mzio, kwa sababu si ule wa vipele vya ghafla na kubanwa pumzi, na njia yake mwilini ni nyingine. Nilimtii. Safari hii imenifanya nilirudie neno hilo, na nitaeleza nikifika Kamachumu, ukweni kwangu mkoani Kagera.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa anaoa Jumamosi ya tarehe 16 Agosti 2025. Mume wangu alitangulia wiki moja kwa ajili ya vikao. Kazi ilinishika, nikasafiri peke yangu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda ukweni tangu nipimwe, na niliogopa meza za ukweni kuliko barabara.

Jumanne, 12 Agosti: Dar hadi Dodoma

Usiku wa kuamkia safari nilichemsha viazi vitamu na mayai sita, nikakaanga nyama mpaka ikakauka. Begi la chakula lilikuwa zito kuliko la nguo: sufuria ndogo yenye mfuniko, kikaango, kijiko na kisu, chupa ya mafuta, chumvi, kilo moja ya mchele niliouchagua mwenyewe, karanga za maganda, na pakiti mbili za biskuti zisizo na gluteni. Biskuti hizo ni za kutoka nje, elfu kumi na nane kila pakiti. Ni bei ya kilo kadhaa za mchele, lakini mtu ukikwama porini usiku hupigi hesabu ya mchele.

Stesheni ya treni ya umeme mizigo inapita kwenye mashine kama uwanja wa ndege. Askari wa kike akaniita pembeni. "Mama, mbona sufuria?" Nikamweleza kwa kifupi. Aliacha kupekua, akanitazama. "Mdogo wangu tumbo linamsumbua tangu sekondari. Hicho kipimo kinaitwaje?" Nikachana karatasi kwenye daftari nikamwandikia. Akaikunja akaiweka kwenye mfuko wa shati, akanifungia zipu ya begi mwenyewe.

Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000. Kata mapema, na kitambulisho uwe nacho mkononi. Ndani ya saa nne hivi tulikuwa Dodoma, na njiani nilikula viazi vyangu nikitazama milima ya Uluguru.

Jioni nilitembea mpaka Soko la Majengo. Nilikuwa na hamu ya ugali wa mtama na mlenda, chakula cha Wagogo, na kwa karatasi ni chakula changu hasa, maana mtama, uwele na ulezi havina gluteni. Nikampata mama ntilie mmoja, sufuria zake zinang'aa.

"Mama, ugali huu una ngano?"

"Ugali na ngano wapi na wapi, mwanangu!"

"Unga umesaga wapi?"

Akanionyesha mashine ng'ambo ya barabara. Nikavuka. Mlangoni kulikuwa na ubao: tunasaga dona, sembe, mtama, lishe. Neno lishe likanirudisha nyuma. Uji wa lishe, ule tunaowapa watoto na wagonjwa wapate nguvu, mara nyingi huchanganywa mahindi, mchele, ulezi, soya, karanga na ngano. Mashine haioshwi kati ya mteja na mteja. Mtama wa yule mama ulipita kwenye jiwe lile lile.

Nilirudi nikamwambia ukweli, huku naogopa atadhani namuonea kinyaa. Alifikiri kidogo, akasogeza sufuria yake ya maharage upande, akasema, "Si una mchele? Weka hapa." Nikapika wali wangu kwenye jiko lake la mkaa, akanipa mlenda kutoka chungu ambacho hakijaguswa na mwiko wa ugali. Wali ulipoiva aliuonja kwenye kiganja. Pesa ya mkaa alikataa. Nilimlipa mlenda, shilingi elfu moja.

Kwa atakayepita: unga wowote usioujua umesagwa wapi, uache. Mchele unaona punje, maharage unaona punje. Unga hausemi ulikotoka.

Jumatano, 13 Agosti: Dodoma hadi Mwanza

Chumba cha elfu thelathini kilikuwa na chai yake: chapati, mkate, soseji. Nilimuomba kijana wa jikoni mayai mawili mabichi badala ya vyote hivyo, akanipa matatu, nikakaanga kwenye kikaango changu. Soseji nyingi zimetiwa unga ndani, na hilo watu wengi hawalijui.

Kutoka Dodoma hadi Mwanza ni karibu kilomita 700, siku nzima kwenye kiti. Singida basi liliposimama, madirisha yalijaa wauzaji. Kuku wa kienyeji wa Singida ana sifa yake na harufu ilikuwa ya kutesa, lakini mafuta yaliyomkaanga sikuyajua. Nilinunua mayai ya kuchemsha manne, mia tano kila moja, na mhindi wa kuchoma. Kanuni yangu barabarani ni chakula chenye ganda lake: yai, ndizi, chungwa, karanga, parachichi. Ganda limeshafanya kazi ambayo mimi ningeifanya kwa maswali kumi.

Tuliteremka mlima Sekenke salama, tukapita Shelui, na kabla ya Igunga tairi la nyuma likapasuka. Spea nayo haikuwa na upepo. Tulikaa pale saa mbili na nusu, jua limesimama. Palikuwa na kibanda kimoja, kinauza chai, chapati na maandazi. Basi zima lilihamia pale. Mimi mayai nilishayamaliza, nyama ilianza kunuka nikaitupa, na nilikuwa nimeapa kutogusa biskuti mpaka hali iwe ngumu kweli.

Mzee niliyekaa naye kiti kimoja, Msukuma wa upande wa Kwimba, aliona sinunui. Hakuuliza sababu. Alifungua mfuko wa kitambaa ulioshonwa kwa mkono akamimina vipande vya kahawia kwenye kiganja changu.

"Matobolwa haya, mama. Unayajua?"

Sikuyajua. Ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikakauka. Vya kukausha vikiwa vibichi wao huviita michembe. Nikamuuliza vilianikwa juu ya nini, maana nilishawahi kuona vyakula vikianikwa juu ya magunia ya ngano. "Juu ya jiwe," akasema. "Kwetu mawe hayajapungua." Nikamweleza ugonjwa wangu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema kitu ambacho nimekiandika kwenye daftari: "Basi wewe ungezaliwa kwetu usingeugua. Chapati kwetu ilikuwa ya sikukuu."

Si kweli kabisa, mwili ungekuwa ule ule, lakini nilielewa alichomaanisha. Nilikula matobolwa mpaka Nzega. Ni matamu, yanatafunika polepole, na yanakaa tumboni. Tulipoachana Mwanza, saa nne usiku, alinifungia mengine kwenye gazeti.

Alhamisi, 14 Agosti: Mwanza, na meli

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe nimelitafakari sana.

Asubuhi nilizunguka Mwaloni, Kirumba, nikatazama dagaa na samaki wakavu wakipakiwa. Mchana njaa ilinibana. Mtu kufika Mwanza asile sato ni vigumu. Niliingia mgahawa mmoja mdogo, safi, wenye mama mchangamfu.

"Dada, samaki wako mnampaka ngano?"

"Hatupaki chochote. Ndimu na chumvi."

Nilimuamini, na alisema kweli tupu. Samaki alikuja mzima, ngozi imekauka vizuri, na ugali niliuacha nikaomba ndizi za kuchemsha. Elfu kumi. Nikala nikafurahi. Wakati nanawa mikono ndipo nikaona, juu ya jiko la nyuma, karai ile ile, na binti anachovya maandazi ya jioni kwenye mafuta yale yale.

Sikumlaumu yule mama hata kidogo. Nilimuuliza kuhusu samaki, akanijibu kuhusu samaki. Nilipaswa kuuliza kuhusu mafuta.

Meli ya MV Victoria ilipangiwa kuondoka bandari ya Mwanza Kaskazini saa tatu usiku. Nilikata tiketi ya daraja la pili nipate kitanda. Tulichelewa kama saa moja wakipakia mizigo. Taa za mji zilipoanza kurudi nyuma, tumbo likaanza. Kwanza linajaa kama ngoma. Halafu viungo vinalegea, kichwa kinakuwa kizito kama umeamshwa usingizini ukaambiwa ufanye hesabu. Halafu choo. Nilihesabu mara sita kabla ya saa nane.

Mara ya nne nilishindwa kurudi kitandani, nikakaa chini kwenye korido, mgongo ukutani. Mama mmoja mtu mzima, mwenye kitenge cha njano, alikuwa anarudi kwake na chupa ya chai. Alichuchumaa.

"Mwanangu, ni mimba au ni tumbo?"

"Ni tumbo, mama. Nimekula kisichonifaa."

Hakuniambia pole akapita. Alirudi na kikombe cha maji ya moto, chumvi kidogo na sukari, akanishikia kikombe. Akavua kitenge chake cha juu akanifunika miguu, akakaa pembeni yangu anasali rozari kwa sauti ya chini mpaka nilipoweza kusimama. Alfajiri aliniambia anashuka Bukoba mjini, ana shamba la vanila. Sikuchukua namba yake, na hilo linaniuma mpaka leo. Kitenge alikataa kukichukua. Ninacho.

Kwa atakayesafiri na ugonjwa huu: pakiti za chumvi ya kuongeza maji mwilini ziwe mfukoni, si kwenye begi lililofungiwa. Zangu zilikuwa chini kabisa, chini ya sufuria.

Ijumaa, 15 Agosti: Kemondo na Kamachumu

Kumepambazuka, ziwa limetulia, na meli ikafika Kemondo, bandari ya kabla ya Bukoba. Nikashuka hapo, kwa kuwa kwenda Kamachumu ni karibu zaidi kuliko kufika Bukoba na kurudi. Mume wangu alikuwa amesimama kwenye geti. Aliniangalia uso tu akachukua begi na asiulize. Barabara inapita Muhutwe, kisha inapanda uwanda wa juu, hewa inakuwa baridi, na pande zote mbili ni vibanja, migomba iliyosongamana na mibuni katikati yake.

Nyumbani walikuwa wameandaa. Kwanza ikaja akamwani, buni zilizokaushwa, mgeni hupewa atafune. Hiyo nilipokea kwa mikono miwili. Baada yake ikaja chai ya maziwa na sinia la maandazi na chapati, moto, zimepikwa alfajiri kwa heshima yangu mimi niliyetoka Dar. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyezibeba.

Nilipiga magoti nikamshukuru. Nikasema nina ugonjwa wa tumbo, siwezi ngano. Akasema pole, basi kula moja tu. Nikasema hata moja siwezi. Shangazi wa mume wangu, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, akatamka wazi: "Za mjini hizi. Zamani tulikuwa tunakula wote."

Naomba aliyewahi kukaa kwenye mkeka wa ukweni anielewe. Nilikuwa nimekesha chooni, magoti yananitetemeka, na sasa ninaonekana ninawakataa wao. Machozi yalikuwa karibu. Mume wangu akaanza kueleza kwa Kihaya, na nikasikia anahangaika, maana neno kinga ya mwili na neno gluteni hayana mlango wa kuingilia pale.

Kwenye pembe alikuwa amekaa Bibi, mama yake baba mkwe. Amepita miaka themanini, masikio yake mazima. Akauliza swali fupi. Mume wangu akanyamaza, kisha akacheka kwa mshangao, akanigeukia. "Bibi anauliza, ngano ni muziro wako?"

Kwa Wahaya kila ukoo una muziro wake. Ni mnyama, samaki au kitu kingine ambacho watu wa ukoo ule hawakili, wameurithi kwa baba zao, na kuula ni kujitafutia madhara. Mtu akitaja muziro wake, mwenyeji haulizi kwa nini, wala hamwambii aonje kidogo. Anabadilisha chungu.

Nikasema, "Ndiyo, Bibi. Ni muziro wangu."

Bibi akasema maneno machache, hayakufika kumi. Sinia likaondoka. Shangazi yule yule aliinuka akaenda jikoni, na niliposogea baadaye nilimkuta anasugua sufuria kwa majivu na mchanga, anamwambia binti wa jirani kwamba hiyo sasa ni ya mke wa mjukuu wa Bibi, mwiko wake huu hapa, isiguswe na unga.

Hapo ndipo nilipolikumbuka neno letu la mzio. Kabla hospitali hazijalichukua kwa ajili ya vipele na mafua, wazee wetu wa pwani walilitumia kwa chakula ambacho mtu hakili kwa kuwa kinamdhuru au amekatazwa. Mzio na muziro ni ndugu, ukiyatamka unasikia. Kwa miaka miwili na zaidi nilikuwa nazunguka na maelezo ya maabara, na neno lenyewe lilikuwa mdomoni mwangu.

Nililala mchana kutwa. Jioni waliniletea ndizi kwenye jani.

Jumamosi, 16 Agosti: harusi

Misa ilikuwa saa nne. Hili nalieleza kwa Wakatoliki wenzangu wenye ugonjwa huu, kwa sababu niliteseka nalo muda mrefu. Hostia, ule mkate mdogo wa Komunyo, ni ngano. Roma ilishasema mwaka 2003, ikarudia mwaka 2017, kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa si halali, yenye gluteni kidogo inafaa, na asiyeweza hata hiyo anaruhusiwa kupokea kwa umbo la divai peke yake. Mimi napokea divai. Lakini padre humega kipande cha hostia akakitia kwenye kalisi yake, kikombe cha divai, kwa hiyo huwezi kunywa kalisi ile. Lazima iwe nyingine, iliyowekwa pembeni tangu mwanzo. Mume wangu alikuwa ameongea na paroko wiki moja kabla. Padre alinikuta sakristia, akanionyesha kalisi ndogo, akasema, "Hii nimeiosha mwenyewe, mama." Nilipokea bila hofu kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

Ukumbini chakula kilikuwa meza ndefu: pilau, wali, kuku wa kukaanga, chipsi, ndizi, maharage, saladi. Vijiko vinahama sahani hadi sahani. Meza ya namna hiyo mimi siigusi, hata kama vitu saba kati ya kumi ni salama. Shangazi aliingia na kikapu amekibeba mwenyewe, akapita katikati ya wageni mpaka nilipokaa, akafungua majani: ndizi, maharage, na samaki aliyechemshwa kwa nyanya na chumvi. Jani la mgomba lililokunjwa ni ganda jingine. Nilikula katikati ya watu mia tatu bila kuuliza swali hata moja.

Jambo la keki nilikuwa nimelipanga na bibi harusi siku iliyotangulia. Mshereheshaji alipoita upande wetu kulishwa keki, binti yule alichukua uma mpya akanilisha kipande cha ndizi kisukari iliyoiva. Alikuwa ameikata mwenyewe, ameiweka chini ya meza kwenye bakuli lenye mfuniko, na gauni lile refu. Nilimkumbatia kuliko ilivyopangwa.

Rubisi, pombe ya kienyeji, ilizunguka pia. Hutengenezwa kwa maji ya ndizi mbivu na mtama, nilionja kidogo. Bia ya kawaida siigusi, ni shayiri.

Jumapili, 17 Agosti: kibanjani

Siku ya kupumzika. Nilikaa jikoni na wanawake tukimenya ndizi, mikono yote imekuwa myeusi kwa utomvu. Niliwasimulia habari ya madaktari wawili, na waliipenda.

Mwaka 1924 daktari wa watoto wa New York, Sidney Haas, aliandika kuhusu watoto waliokuwa wakidhoofika kwa ugonjwa huu, na baadhi yao walikuwa wakifa. Aliwanyima mkate na nafaka, akawalisha ndizi kwa wingi. Wakanenepa, wakapona. Yeye akaamini ndizi ndiyo dawa. Miaka ya vita vya pili vya dunia, Uholanzi, daktari mwingine wa watoto, Willem Dicke, ambaye tayari alikuwa akiishuku ngano, aliona njaa ya mwaka 1944 na 1945 ilipoondoa mkate mezani, watoto wenye siliaki wakapata nafuu huku wenzao wakikonda. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Kumbe ndizi haikuwa ikitibu. Ilikuwa imekaa tu mahali pa mkate.

Shangazi alisikiliza huku kisu chake hakisimami. Akauliza yule wa New York ndizi alizitoa wapi, na kama alijua kuzipika.

Jioni aliniomba nimwelezee dalili zangu zote tena, taratibu. Ana mjukuu wa miaka minne, tumbo kubwa, miguu myembamba, hakui. Nilimwandikia jina la kipimo kama nilivyomwandikia askari wa Dar, na nikamsisitizia jambo ambalo watu hukosea: mtoto asiachishwe ngano kabla ya kupimwa, maana akiacha, damu na kinyama vinaweza kuonyesha hana kitu. Huenda mtoto ana jambo jingine kabisa. Lakini apimwe.

Jumatatu na Jumanne, 18 na 19 Agosti: kurudi

Tulirudi wawili, kwa basi, kupitia Muleba na Geita. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kama kilomita tatu juu ya maji. Mume wangu anakumbuka kukaa Busisi saa nyingi akisubiri kivuko, na saa hizo ndizo abiria walikuwa wanakula chochote kilichouzwa pale. Tulivuka kwa dakika chache. Mwanza tulilala, kesho yake tukapanda ndege hadi Dar.

Siku hizi, badala ya kuuliza kama kuna ngano, nauliza maswali matatu. Je, umetia unga wa chapati? Kwa sababu wengi ukitaja ngano wanafikiria mkate, si ule unga kijiko kimoja wa kuzitia mchuzi uzito. Je, mafuta haya leo yamekaanga nini? Je, mwiko huu umetoka chungu gani? Na kabla ya yote nasema: ngano ni mzio wangu. Pale Mwanza, tukirudi, nilimwambia hivyo muuza mishikaki, akaniondolea nyama aliyoiloweka kwenye sosi ya soya, akanikatia mbichi, akaisugua chumvi, akaiweka juu ya makaa kwenye waya alioufuta kwa limau mbele yangu. Elfu tano, na nusu ndizi ya kuchoma juu.

Pakiti moja ya biskuti nimerudi nayo haijafunguliwa.

Bibi alitufungia mkungu mzima, tukasafiri nao. Juzi alipiga simu, mjukuu wake akimshikia. Aliuliza kama ndizi zimefika salama, zimebaki ngapi, na nimeziweka wapi. Nikamwambia kabatini, jikoni. Akauliza tena, na mume wangu akanitafsiria: kabati hilo, mkate wa watoto upo humo au uko kwingine?

Niliinuka nikauhamisha nikiwa bado kwenye simu.